Ufunguo wa Akiba

Honda ilikuwa imeegemezwa ukutani sebuleni, karibu na meza ya chakula, na Severini Lyamba hakuweza kupita bila kuigusa. Mara tangi, mara kiti, mara usukani. Idara ya kilimo ilimkabidhi pikipiki ile mwaka uliopita, na pale Makanyagio watu walikuwa wakiujua mlio wake kabla hawajamwona mwenyewe. Miaka ile ya sabini pikipiki zilikuwa za kuhesabu Mpanda nzima, na bwana shamba mwenye pikipiki alikuwa mtu. Sasa Honda ilikuwa bubu. Ufunguo haukuonekana, na bwana shamba alikuwa anakwenda kazini kwa miguu.

"Mama Cecilia, ufunguo," alisema tena asubuhi hiyo.

Mkewe, Dafrosa, alikuwa mlangoni anapepeta mchele, mtoto amelala mgongoni. Hakugeuka.

"Nimekwambia sijui."

"Ile Jumapili tulipoletwa hapa na lori, ulikuwa bado uko kwenye swichi. Nani aliuchomoa?"

"Sijui, baba Cecilia. Tulishushwa tumejaa vumbi, mkono wangu unatoka damu, nani alikuwa na akili ya kuangalia ufunguo?"

Alijibu haraka mno. Dafrosa alikuwa mtu wa kufikiri kwanza, hata akiulizwa kama chai ina sukari. Severini akajua anadanganya, na alikuwa amelijua hilo tangu siku ya kwanza. Alishapekua debe la unga, chini ya godoro, ndani ya sanduku la nguo, nyuma ya picha ya Familia Takatifu. Alishakung'uta mpaka shali ya mtoto. Hakupata kitu.

Swali ambalo hakuwa amemuuliza ni kwa nini. Alikuwa anaogopa kwamba akiuliza, atajibiwa.

Jumapili ile walikuwa wanarudi kutoka Kasokola kwenye ubatizo, yeye mbele, Dafrosa amekaa upande nyuma na Cecilia amefungwa mgongoni. Severini alikumbuka barabara nyeupe, alikumbuka mkorosho, kisha akakumbuka amelala chali kwenye majani na watu wa lori wamemwinamia. Katikati hapakuwa na kitu. Aliwaambia watu wa lori kwamba ni mchanga, gurudumu la mbele limeteleza kwenye mchanga. Wakakubali, maana mchanga wa barabara ile wanaujua. Dafrosa alimtazama tu. Na yeye aligeuza uso akatema mate mekundu pembeni, kwa sababu ulimi wake ulikuwa umeumwa na meno pande zote mbili. Wiki nzima alikunywa uji uliopoa, akisema hana njaa.

Siku hiyo kazini aliitwa na mkubwa wake. Bwana Kalisti, afisa kilimo, alikuwa amesimama katikati ya magunia ya mbegu ya mahindi yaliyoshushwa kutoka kwenye treni ya Tabora.

"Ndugu Lyamba, mvua inakaribia. Watu wa Mpimbwe wanasubiri maelekezo ya mbegu hii mpya, na wewe ni mtu wa Usevya, lugha yao unaijua. Lori la mbegu litaondoka mapema wiki ijayo. Nataka wewe ufike kabla yake, ukutane na wenyeviti wa vijiji."

"Nitafika, mzee."

"Kwa nini nakuona unatembea? Honda imekufa?"

"Haijafa. Ufunguo umepotea."

Bwana Kalisti akacheka. "Mtu mzima unapoteza ufunguo! Pale Majengo kuna fundi mmoja, Mrundi, mkimbizi wa kambi ya Katumba, anachonga funguo. Mwambie akuchongee na wa akiba, ukae huku ofisini."

Severini alitoka akiwa mwepesi. Usevya! Angepita Sitalike, angevuka mto, angepita katikati ya hifadhi asubuhi na mapema kabla mbung'o hawajaamka, upepo unapiga kifua, halafu angeingia kwa mama yake na kuzima pikipiki uani, mama atoke jikoni anafuta mikono. Tangu wiki ile miguu yake ilikuwa haitulii. Hata akikaa kwenye kiti, goti lilikuwa linapiga. Usiku aligeuka na kugeuka mpaka Dafrosa akahamia kwenye mkeka na mtoto. Mwili ulikuwa unataka kwenda. Alijisemea kwamba mtu mgonjwa hawi na hamu ya safari namna ile.

Fundi aliitwa Révérien. Alikuwa na kibali cha kuja mjini siku za soko, na siku hizo alitandika gunia kwenye baraza ya duka lililofungwa pale Majengo, akapanga tupa zake kwa ukubwa, jiliwa dogo la kubania vyuma alilolifunga kwenye kigogo, na kibatari. Alitengeneza kufuli, miavuli, majiko ya primasi, chochote cha chuma. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, chenye lafudhi ya kwao.

"Leta ule wa kwanza, nifanye mwingine kama yeye," alisema.

"Wa kwanza haupo."

"Basi huo si wa akiba, bwana. Huo ni ufunguo mwenyewe."

"Unaweza au huwezi?"

"Naweza. Ila lete pikipiki hapa. Nitauliza swichi yenyewe, itaniambia."

Severini alirudi nyumbani karibu kwa kukimbia. Aliitoa Honda sebuleni, ikagonga mlango, ikakwaruza fremu. Dafrosa alisimama kwenye kizingiti cha jikoni na mwiko mkononi.

"Unaipeleka wapi?"

"Kwa fundi. Ofisi imenituma Usevya."

"Ofisi inajua?"

"Inajua nini?"

Severini akaanza kusukuma. Kutoka Makanyagio mpaka Majengo kila mtu alikuwa na la kusema. Mwenye duka la chumvi aliuliza kama farasi ameugua. Wanawake waliokuwa wanatoka kuchota maji walimpa pole. Yeye alijibu kwa mkono tu, jasho linamwingia machoni. Hakuangalia nyuma, kwa hiyo hakumwona mkewe akifunga mlango, akimkaza mtoto mgongoni na kumfuata.

Révérien alifungua swichi iliyokuwa ubavuni chini ya tangi, akaichungulia, akapuliza vumbi. Kisha akachagua kwenye kopo lake kipande cha ufunguo ambacho bado hakikuwa na meno. Alikipitisha juu ya moshi wa kibatari mpaka kikawa cheusi, akakiingiza, akakizungusha kidogo, akakitoa. Pale kilipoguswa na vyuma vya ndani, masizi yalikuwa yamefutika. Akakibana kwenye jiliwa na kuanza kupiga tupa. Akasimama, akakitia masizi tena, akarudia.

Kazi ilikuwa ya polepole, na sauti ya tupa ilikuwa inamwingia Severini kwenye meno. Alikaa, akasimama. Alikwenda mpaka kwenye kibanda cha chai, akaagiza chai, akaiacha nusu. Alirudi.

"Bado?"

"Bado."

Akazunguka duka. Akasoma tangazo la zamani lililobandikwa mlangoni, akalisoma tena bila kujua linasema nini. Aliporudi barazani, Dafrosa alikuwa amekaa kwenye ngazi, mtoto ananyonya.

"Umekuja kufanya nini?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Kukaa."

Révérien alimwamkia mama, akaendelea na kazi. Baada ya muda akainua kichwa. "Mama, pengine wewe unajua ule wa zamani uko wapi? Ningeweka hizi mbili pamoja, nilinganishe, kazi ingeisha upesi."

Dafrosa alifikiri kwanza.

"Uko chooni," alisema.

"Chooni wapi?" Severini aliuliza.

"Kwenye shimo. Niliutupa Jumapili ile ile, wewe umelala."

Tupa ilisimama. Wauza nyanya wa upande wa pili waligeuka kutazama, maana Severini alikuwa amepiga kelele bila kujua: "Mali ya serikali! Unatupa mali ya serikali chooni! Unajua wewe ningefungwa?"

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Swali likawa limemtoka. Dafrosa alimwondoa mtoto titini, akafunga blauzi, akamrudisha mgongoni bila haraka. Kwenye mkono wake wa kushoto, kuanzia kiwiko mpaka kifundo, kidonda kilikuwa kimekauka na kuwa gamba jeusi.

"Tutasema nyumbani," alisema. "Hapa kuna watu."

"Hakuna cha kusema nyumbani. Ulikuwa mchanga."

"Haya. Ulikuwa mchanga."

Révérien akainama tena kwenye jiliwa lake, akapiga tupa mara chache, kwa uangalifu zaidi kuliko mwanzo, kama mtu asiyetaka kusikia. Akafuta ufunguo kwenye suruali, akautia kwenye swichi, akazungusha. Taa ndogo ya kijani ikawaka.

Severini alisahau hasira. Alirukia pikipiki, akafungua petroli, akapiga kiki. Mara ya kwanza ikakohoa. Mara ya pili ikaitika, na mlio ule ukajaa barazani, bati la duka likatetemeka, na moyo wake nao. Alikaza mkono, akalegeza, akakaza. Alikuwa anacheka. Angeweza kuondoka palepale alivyo, bila kofia, bila koti.

Ndipo aliposikia pikipiki ikizama kidogo nyuma. Dafrosa alikuwa amepanda. Alikaa upande kama kawaida yake, mkono mmoja umeshika kiti, mwingine umemshika mtoto kwa nyuma.

"Unafanya nini?"

"Twende."

"Wapi?"

"Kasokola. Njia ile ile. Kama ulikuwa mchanga, leo upite pembeni ya mchanga. Twende, baba Cecilia."

Severini alikanyaga klachi isiyokuwepo mguuni, akakumbuka kwamba iko mkononi. Alitazama kwenye kioo kidogo cha usukani. Hakuona uso wa mkewe. Aliona kofia ya Cecilia, ile ya sufu ya njano aliyoivaa kwenye ubatizo wa Kasokola, na sikio moja limechomoza nje. Mtoto alikuwa ametulia. Mlio ule aliupenda tangu alipozaliwa, ukimbembeleza.

Alijaribu kujiambia kwamba hakuna kitu, ni barabara tu, amepita mara ngapi. Akatafuta kichwani ule mkorosho, na kilichofuata baada ya mkorosho. Palikuwa peupe. Alitafuta tena, kwa nguvu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani kutafuta mlango. Hapakuwa na mchanga. Hakuwahi kuuona mchanga wowote. Alikuwa ameusema tu.

"Shuka," alisema.

"Kwa nini?"

"Shuka, mama Cecilia."

"Useme kwa nini."

"Mtoto."

"Na wewe peke yako? Katikati ya hifadhi kule, na wanyama?"

Severini alizungusha ufunguo. Injini ikazima, na soko zima likasikika tena: mbuzi, watu wanaobishana, kengele ya baiskeli. Alikaa hapohapo juu ya kiti, miguu yote chini, mabega yameshuka. Dafrosa aliteremka akaja mbele yake.

Révérien aliwaangalia mmoja baada ya mwingine. "Ufunguo una shida?"

"Ufunguo ni mzuri, fundi," Severini alisema. "Nisaidie kuiweka barazani. Nitairudia."

Walikwenda kwa miguu mpaka zahanati ya misheni. Severini alitangulia, akawa anasimama kumngoja mkewe, akatangulia tena. Mara mbili alitaka kurudi. Mara zote mbili alipogeuka alimkuta Dafrosa yuko nyuma yake, hivyo akaendelea.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema mlangoni.

"Milele amina. Karibuni," Sista Imakulata aliwajibu. Alikuwa mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliwakalisha kwenye benchi, akamuuliza Severini anaumwa nini.

Goti lake lilikuwa linapiga benchi.

"Mimi sijui, Sista," alisema mwishowe. "Muulize huyu. Yeye alikuwepo."

Dafrosa akaeleza. Alieleza polepole, akimtazama Sista, hata mara moja hakumtazama mumewe. Alisema alianza kusikia shingo ya mumewe inakuwa ngumu kama mti. Alimwita, hakuitika. Barabara ilikata kushoto, yeye akaenda moja kwa moja, wakaingia kwenye majani. Alimkuta anajipiga ardhini, macho yamegeuka meupe, povu lina damu. Alimlaza ubavu. Walipita watu wawili wenye baiskeli, wakaona povu, wakaogopa kusogea, wakasema asimguse, ataambukizwa. Wakaenda zao. Alimfuta povu kwa kanga aliyombebea mtoto, akakaa naye mpaka akatulia, na lori lilipotokea alikimbia kwanza kuitupa ile kanga kichakani ili watu wa lori wasijue.

"Na hii haikuwa ya kwanza," alisema. "Wakati wa kiangazi ilimpata asubuhi, anavaa viatu. Aliamka akaniuliza kwa nini amelala chini. Nilimwambia ulisinzia."

Severini alikuwa kama anasikia habari za mtu mwingine. Alikumbuka asubuhi ya viatu. Alikumbuka Dafrosa akicheka, akimwambia amechoka na safari. Sasa alijua kicheko kile kilivyomgharimu.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Nilikwambia siku ya lori, jioni. Ukasema mchanga."

Ni kweli alisema hivyo.

Sista Imakulata alimulika macho yake, akamgonga magoti, akatazama ulimi uliokuwa umeanza kupona. Akasema ni kifafa, na kwamba si uchawi na wala hakiambukizi kwa povu. Vidonge vipo, ila lazima vimezwe kila siku bila kukosa, hata akijiona mzima kabisa. Pikipiki asiguse. Kisimani asiende peke yake. Juu ya mti asipande.

"Mpaka lini, Sista?"

"Tutaona."

"Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kwenda."

"Basi utakwenda kwa namna nyingine," Sista alisema, akamhesabia vidonge kwenye bahasha ya karatasi, akampa Dafrosa.

Kesho yake Severini alisimama mbele ya Bwana Kalisti na kumweleza yote, isipokuwa habari ya choo. Aliongea haraka, amesimama mguu huu, mara ule. Bwana Kalisti aliyatazama magunia ya mbegu muda mrefu.

"Ungekwenda kweli?" aliuliza. "Usevya, peke yako?"

"Ningekwenda, mzee. Pikipiki ilikuwa imeshawaka."

Bwana Kalisti alishusha pumzi. Hakumfukuza. Alimweka kwenye ghala la mbegu na kwenye mashamba ya mfano ya karibu na mji, na safari ya Mpimbwe akampa kijana mpya, Gelasius, aliyetoka chuoni mwaka ule. Severini ndiye aliyempeleka Majengo kuchukua Honda, akamwonyesha jinsi inavyopenda kupigwa kiki, akampa mfuko wa sukari wa kupeleka Usevya kwa mama yake Severini. Gelasius aliwasha, akapunga mkono, akakata kona ya soko. Severini alisimama barazani kwa Révérien mpaka mlio ulipopotea kabisa upande wa Sitalike. Halafu akaendelea kusimama.

Miezi ya kwanza ilikuwa mibaya. Vidonge vilimlegeza, akawa anasinzia juu ya magunia. Walipovipunguza, akaacha kusinzia na miguu ikarudia kazi yake: alilizunguka ghala ndani, akalizunguka nje, akapanga magunia upya bila sababu. Kila injini iliyopita barabarani ilimtoa mlangoni. Mara moja alimgombeza Dafrosa kwa jambo la chumvi, na wote wawili walijua si chumvi. Kifafa kilimrudia mara moja mle ghalani, mchana, akaangukia magunia, wala hakuumia. Alipoamka alikuta wapagazi wamemlaza ubavu. Dafrosa alikuwa ameshakuja kuwafundisha, mmoja mmoja, bila kumwambia yeye.

Mvua zilipokolea alimwendea Bwana Kalisti, akamwomba aruhusiwe kwenda Kasokola kwa miguu.

"Na nani?"

"Wakulima wenyewe watakuja kunichukua. Nimeshaongea nao."

Wa kwanza kuja alikuwa Bartolomeo, mkulima wa mahindi, mtu mfupi mwenye maneno mengi. Aliambiwa habari zote na hakuogopa; alisema mjomba wake alikuwa na kifafa na amezeeka nacho. Waliondoka mapema, umande bado uko kwenye majani. Bartolomeo alianza kueleza juu ya viwavi walioingia kwenye shamba lake la bondeni, wanakula kuanzia katikati ya mche. Severini aliuliza rangi yao, aliuliza walianza lini, na huku akiuliza hatua zilikuwa zinaongezeka. Walipofika mtelemko wa kwanza alikuwa mbele kwa mbali, koti linapepea, fimbo inapiga matope.

"Taratibu, bwana shamba!" Bartolomeo alipiga kelele kutoka nyuma, anahema. "Natakiwa nikushike ukianguka, nitakushika vipi huko uliko?"

Severini alicheka, akamngoja kidogo kando ya barabara, akihamisha fimbo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kabla mwenzake hajamfikia vizuri, alikuwa ameshaanza tena kwenda.